Uzi: Tusisubiri harusi na misiba ndiyo tukae sinia moja

#1 Mkaazi wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Wasiokuwa Waislamu nao nawasalimu, maana jambo lenyewe ni letu sote.

Nataka tuzungumze kuhusu kula pamoja. Visiwani kwetu Zanzibar mtoto anafundishwa adabu za sinia kabla hajaanza skuli wala chuo cha Kurani. Kula kwa mkono wa kulia. Kula kilicho mbele yako, usivuke upande wa mwenzako. Nyama iko katikati, subiri mkubwa aigawe. Ukishiba kabla ya wengine, endelea kudonoadonoa ili anayekula taratibu asione haya akanyanyuka na njaa. Kwa hiyo ujuzi tunao. Kinachonishughulisha ni kwamba tunautumia kwa nadra: harusini, kwenye khitma, maulidi, akika, na mwezi wa Ramadhani. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwake anafunga geti. Kijana anakula chipsi peke yake juu ya vespa, macho kwenye simu. Mama aliyehama Kikwajuni akajenga Fuoni anamaliza mwaka hajui jirani yake wa ukuta mmoja anaitwa nani.

Wapo wanaodhani dawa yake ni shughuli zaidi. Mimi siamini hivyo, na hapa ndipo penye hoja yangu. Shughuli kubwa inakusanya watu waliokwishajuana. Anayekuja kukuchambulia mchele usiku wa kuamkia walima, anayekubebea masufuria, anayekesha na wapishi kwenye moshi wa kuni, anakuja kwa sababu mmeshakula muhogo pamoja mara nyingi ambazo hazikuwa na jina wala kadi. Udugu unapatikana kwenye milo ile. Sasa tumeiacha, tumebaki na shughuli peke yake, halafu tunashangaa watu wanafika ukumbini, wanakabidhiwa chakula cha kwenye boksi, wanapiga picha na kuondoka.

Tazameni futari za mitaani, zile za watu wenyewe. Jua likikaribia kuchwa mkeka unatandikwa barazani au uchochoroni. Nyumba hii inatoa muhogo wa nazi, ile inatoa ndizi mbichi au shelisheli, nyingine uji wa pilipili manga, tambi, kaimati, mkate wa kumimina, pweza akiwepo. Aliyekosa kabisa analeta maji na tende. Mpita njia anaitwa hata kama hajulikani, na anakaa. Hakuna kikao cha maandalizi, hakuna mweka hazina. Kwa nini jambo hili linawezekana kila jioni kwa mwezi mzima, kisha ikiingia Mfungo Mosi linatushinda?

Nimelifikiria sana hili. Naona nguvu yake iko kwenye mambo ambayo hayahitaji Ramadhani. Saa inajulikana, adhana ya magharibi haimsubiri mtu. Mahali panajulikana. Kinacholiwa ni kilichopikwa nyumbani siku ile, hakuna anayekopa ili akae barazani na majirani. Na kualikwa hakuhitajiki, ukionekana tu umeshakaribishwa.

Sisi marafiki tuliosoma skuli moja tukayachukua hayo tukayahamishia siku za kawaida. Tulichagua Jumanne baada ya isha. Mwisho wa wiki kuna harusi, Alhamisi usiku wengine wana nyiradi, Ijumaa mtu anataka kuwa na watu wake, lakini Jumanne haina mwenyewe. Mahali ni baraza ya nyumba ya wazee wa mmoja wetu huku Ng'ambo, nyumba ya zamani, baraza yake ndefu. Kila mmoja anakuja na alichonacho. Kusi likivuma na samaki wakapanda bei tunakula maharage ya nazi kwa mchele wa mapembe, na hakuna anayeuliza samaki yuko wapi. Msimu wa mashelisheli ndiyo tunachoma mashelisheli mpaka tunayachoka. Asiyekuja haombi udhuru, anayekuja na mgeni haombi ruhusa.

Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya Korona, baadhi yetu waliokuwa hotelini walibaki hawana kitu. Tulikuwa tumeacha kukaa pamoja kwa hofu ya maradhi, lakini tulishajuana hali kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuomba. Sahani zilikuwa zinapita mlango kwa mlango. Mtu anayekuona kila wiki anajua lini umeanza kuleta kidogo kuliko kawaida yako, na anajua bila ya kukuuliza.

Watu watasema nyumba za siku hizi hazina baraza. Ni kweli, na inauma, kwa sababu baraza ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo ilikuwa kiti cha kila mtu. Mwenye nyumba aliijenga kwake, lakini anayepita ana haki ya kukaa. Hata hivyo, maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hayakuwekewa baraza kila mlango, na watu wake walishuka chini wakajitengenezea vikao vyao. Mkeka unatosha.

Naomba michango. Kwenu inakwendaje? Imeshindikana wapi, na kwa nini?

#2 Binti wa Wete

Wa alaykum salaam kaka. Mie ni wa Pemba na ndiko niliko, kwa hiyo nitasema ya kwetu.

Sie tuna kupelekeana. Ukipika kitu ambacho harufu yake imevuka ua, unatia kibakuli unampa mtoto apeleke kwa jirani. Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake, na wazee wetu waliichukua hiyo kama amri ya jikoni. Kile kibakuli nacho hakirudi kitupu. Kitarudi na embe, au mayai mawili, au ndimu za kwenye mti, lakini kimerudi na kitu. Na yule mtoto anayetumwa ndiye anayezijua nyumba zote za mtaa: nani mgonjwa, nani kasafiri, nani kajifungua. Leo watoto hatuwatumi. Tunaogopa magari, tunaogopa watu wabaya, na hofu yenyewe naielewa kwa sababu mie ni mama. Lakini wanakua hawajui nyumba ya tatu anakaa nani, na hilo nalo ni hatari ya aina yake.

Jengine ni karafuu. Msimu ukiwa mzuri, mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni magunia yanamwagwa na tunakaa kitako kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Majirani wanakuja, watoto wanakuja, bibi asiyeweza kutembea anasogezwa karibu achambue alipo. Chungu kiko mekoni, muhogo au wali kwa mchuzi wa dagaa, na kikiiva kila mtu anapata, aliyechuma na asiyechuma. Vidole vinanuka karafuu na unakula hivyohivyo. Ndoa ngapi zimeanza kwenye mikeka ile, Mungu ndiye ajuaye! Asubuhi zinaanikwa juani na watu wanarudi tena mashambani.

Nimekuelewa unaposema siku ijulikane. Huku kazi ndiyo iliyokuwa ikitukusanya, na mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba mikeka ile haitandikwi, na watu wanaonana sokoni tu. Kwa hiyo nakuunga mkono, tuwe na siku zetu ambazo haziangalii mti umezaa nini.

#3 Mzee wa Kahawa

Vijana, msinione mkorofi. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi ni mtu wa Pemba na nimeyaona.

Baada ya uchaguzi wa 1995 watu waliokula sinia moja tangu utotoni walikuwa hawasalimiani. Walikuwa hawaalikani harusini. Walikuwa hawazikani, na mtu aliyezaliwa baadaye hawezi kujua neno hilo lina uzito gani kwa Muislamu wa kijijini. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi, gari ya mtu wa chama hiki haipandwi. Na baada ya uchaguzi wa marudio wa 2016, mambo ya namna hiyo yakarudi. Sinia halikuzuia lolote. Mnaponiambia muhogo unajenga udugu, mimi nauliza ni udugu gani huo unaovunjwa na karatasi ya kura.

#4 Mkaazi wa Ng'ambo

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umekuja na hili, kwa sababu uzi wa kusifu chakula tu usingekuwa na faida.

Methali naikubali. Hakuna rafiki atakayekufa nami na sijamtafuta wa kufanya hivyo. Ninachokitaka ni jirani atakayegundua kuwa leo sijafungua dirisha.

Kuhusu yaliyotokea Pemba, sina la kukufundisha. Lakini angalia mzee wangu, watu walipotaka kuumizana walishika silaha gani? Waliacha kualikana, wakaacha kula pamoja, wakaacha kuzikana. Walijua pale ndipo panapouma kuliko pengine popote. Kama kukaa sinia moja kungekuwa kitu chepesi, kususiwa kusingemliza mtu mzima. Kwangu mimi ulichokieleza kinaonyesha uzito wa jambo hili kuliko maneno yangu yote ya pale juu.

Nakuomba utujibu jambo moja: kijijini kwenu mlirudiana vipi?

#5 Mzee wa Kahawa

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali la mtu anayetaka kujua.

Viongozi walikutana Novemba 2009, Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hayo yalifanyika juu na yalitufungulia njia, siwezi kuyadharau. Ila kijijini kwetu aliyevuka mwanzo alikuwa bibi mmoja, mtu mzima sana. Alifiwa na mwanawe, akasema khitma ya mwanangu haisomwi na nusu ya kijiji. Akapita mwenyewe nyumba kwa nyumba na mkongojo wake. Hakuzungumza siasa hata neno moja, alisema tu siku na saa. Watu walikuja kwa kuona haya kumkatalia mfiwa wa umri ule.

Kisomo kilipokwisha, masinia yakaletwa. Kila upande ukajikusanya wenyewe kwa wenyewe, kama kawaida ya miaka ile. Maalim akasimama akaanza kuwapanga kwa mkono: wewe njoo hapa, wewe nenda kwa yule. Walikula kimya. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyekumbatiwa, msije mkadhani ilikuwa kama maigizo ya televisheni. Lakini kesho yake dukani mtu alitoa salamu na ikaitikiwa. Ilianzia hapo, na ilichukua muda mrefu.

Sinia halikuzuia, na neno langu hilo sijaliondoa. Nakubali kwamba kurudi tulirudia hapo.

Sasa na mimi nikupe ushauri. Hicho kikao chenu cha Jumanne kisiwe cha watu wa rangi moja. Mjini baraza na maskani nyingi zinajulikana ni za chama gani, na wapita njia wanajua wapi wakae na wapi wapite. Watu wanaokubaliana kila kitu wakila pamoja ni vizuri, lakini hawatasaidia kitu uchaguzi ukifika. Mtafuteni mtu mmoja ambaye mnajua mtabishana naye, mumkalishe karibu na nyama.

#6 Mama wa Mpendae

Jamani, kabla hamjafika mbali na siasa zenu. Nani anapika?

Nauliza kwa sababu nimesoma mikeka, maharage, mashelisheli, na sijaona mkono wa mtu uliotia chumvi, isipokuwa kwa mwenzangu wa Wete. Nawajua wanaume wanaopenda sana kukaa na wenzao. Anakuja saa kumi na moja anasema leo nina wageni sita. Mke ametoka kazini, kuni hazijakaa sawa, nazi haijakunwa, na mtoto ana homa. Wageni wanakula, wanashukuru, wanamwombea dua mwenye nyumba. Mwenye nyumba hajaosha hata kikombe. Mkusanyiko wa namna hiyo haujengi jamii, unamchosha mtu mmoja ili wengine wapendane.

Nisije nikaonekana nawasema wanaume tu. Sie wanawake tuna letu. Kikundi chetu kilianza kwa chai ya alasiri, mara kwa mara, kila mtu na sahani yake: huyu vitumbua, huyu katlesi, huyu mkate wa ufuta. Tulikuwa na mchezo wetu wa kutoana, pesa ndogo ambazo kila mmoja anaziweza. Baadaye zikaingia sare. Kila kikao kitambaa kipya. Kisha tuzo, na anayetuza kidogo anaonekana. Shoga yangu mmoja, mwanamke mjane mwenye moyo wa dhahabu, akaacha kuja. Kila nikimuuliza anasema miguu. Nilikwenda kwake nikakuta miguu mizima, kilichokosekana ni pesa ya kitambaa.

Nililisema hilo kikaoni, na nilinukuu maneno ya Mtume (SAW) kwamba chakula kibaya ni cha walima ambao matajiri wanaalikwa na maskini wanaachwa. Kulikuwa na minuno. Wawili waliondoka. Waliobaki tukafuta sare, tukafuta tuzo, tukarudi kwenye sahani moja moja. Yule shoga yangu amerudi, na vibibi vyake vya mchele ndivyo vinavyoisha mwanzo. Kwa hiyo mimi nikiulizwa kinachoua mikusanyiko, siangalii mageti wala simu. Fahari inaua mapema zaidi.

#7 Mkaazi wa Ng'ambo

Bi mkubwa, swali lako ndilo lilipaswa kuulizwa mwanzo.

Sisi tunapika wenyewe, na hili tulilikubaliana kabla ya kukubaliana siku. Ukitaka kuleta kitu, ukipike au ukinunue, usimwachie mkeo au mama yako. Tena sioni kwa nini mwanamume wa Kizanzibari aone haya. Kwenye walima na khitma zetu pilau ya sufuria kubwa mara nyingi inapikwa na wanaume, wanawasha kuni, wanageuza nyama, wanapalia makaa juu ya mfuniko. Mtu anayeweza kuwapikia watu mia tatu hawezi kushindwa na kilo mbili za muhogo. Vyombo tunaosha palepale bombani kabla ya mtu kuondoka, na mwenye baraza haruhusiwi kugusa sufuria usiku huo kwa sababu yeye ameshatoa mahali.

Hilo la sare na tuzo nalichukua neno kwa neno. Kwetu kuna kanuni moja ya kulinda hapo: chakula kikiwekwa mkekani hakuna kutaja nani kaleta nini. Aliyeleta kuku na aliyeleta chumvi wanaonekana sawa.

#8 Fundi wa Tomondo

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa bara, fundi ujenzi, Mkristo, nipo Unguja kwa kazi na familia imebaki Mbeya. Nimesoma uzi wote na naomba kuuliza kitu kwa heshima.

Ramadhani yangu ya kwanza hapa niliogopa sana. Niliambiwa nisile hadharani mchana, nikawa nakula ndani kimya. Jioni moja napita kutoka saiti, watu nisiowajua wakaniita, fundi karibu. Nikawaambia mimi sijafunga. Mzee mmoja akasema hatukukuuliza hilo, kaa. Nilikula muhogo wa nazi kwa samaki wa kukaanga, na mpaka leo naukumbuka. Mwezi mzima wakawa wananiita. Ramadhani ikaisha, na wito ukaisha. Tunasalimiana vizuri tu barabarani, lakini sina tena pa kukaa. Jumapili nikitoka kanisani narudi chumbani.

Mwaka jana rafiki wa kazini akanichukua Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, ule wa mwezi wa Julai. Nilitazama wanaume wakipigana kwa migomba na kile kibanda kikichomwa moto, lakini kilichonigusa zaidi ni baadaye. Kwao mwenyeji asiyekuwa na mgeni siku hiyo anaonekana amekosa kitu. Watu walikuwa wanatugombania sisi wageni! Nilikula nyumba zaidi ya moja.

Swali langu: mtu kama mimi, asiye na ndugu hapa, asiye wa dini ya wengi, anaingiaje kwenye vikao vya siku za kawaida? Na nikija nije na nini? Sitaki kuleta kitu kitakachowakwaza.

#9 Binti wa Wete

Karibu sana kaka fundi. Nije na nini ni swali dogo: matunda. Ndizi, chungwa, embe za msimu, tikiti. Hakuna atakayekuwa na shaka na tunda, na halihitaji jiko. Ukitaka kuleta nyama, nunua kwa muuzaji wa mtaani kwenu anayejulikana, basi imekwisha. Mkate wa boflo na sukari ya chai navyo vinapokelewa kila mahali.

Kuhusu kuingia, usisubiri kuitwa kama Ramadhani. Anza wewe kwa kidogo. Wapo majirani waliokuita mwezi mzima, na wewe siku moja wapelekee kitu. Sahani itarudi na maneno.

#10 Mzee wa Kahawa

Fundi, na kahawa. Usiisahau. Tafuta baraza ya kahawa iliyo karibu nawe, kaa, agiza kikombe na kashata, sikiliza. Siku ya kwanza utakuwa mgeni. Ukizoea kuja saa ileile watakuachia nafasi hata kabla hujafika. Kahawa haina dini na haina gharama kubwa, na pale Jaws Corner mjini nimewaona watu wa kila aina wakibishana mpaka jua linakuchwa, kisha mmoja anamlipia mwenzake. Wengi waliokuja kuwa marafiki zangu wa kufa na kuzikana nilianza nao kwenye kikombe, chakula kilikuja baadaye.

#11 Mtoto wa Visiwani, Uingereza

Nachangia kifupi, niko kazini. Huku hakuna barazani, na baridi ikiingia saa kumi jioni kiza. Tunaishi mbali, mtu anapanda treni mbili. Tulijaribu kukutana kila mtu akipata nafasi, na kwa maisha ya huku nafasi haipatikani. Kilichosaidia ni kuweka Jumapili ya mwanzo ya mwezi, mvua inyeshe theluji ianguke. Urojo ndio unaowavuta watoto waliozaliwa huku. Wanakuja kwa ajili ya bajia na kachori, wanaondoka wamesikia Kiswahili saa nne mfululizo, na wanajua wazee wengine wa kuwaita ami na shangazi mbali na wazazi wao. Kwa hiyo alichosema mwanzisha uzi kuhusu siku kujulikana ni kweli hata kwenye barafu.

#12 Mama wa Mpendae

Kaka fundi, kanisani kwenu si kuna watu wa bara wengi walio peke yao kama wewe? Nao waleteni. Na wewe Mkaazi, hujamjibu bado. Umesema anayekuja na mgeni haombi ruhusa, sasa huyu mgeni hana wa kuja naye.

#13 Mkaazi wa Ng'ambo

Nilikuwa nasoma majibu yenu kwanza, bi mkubwa, na yamenipunguzia kazi.

Fundi, nimekutumia ujumbe wa faragha wenye mahali na saa. Jumanne hii njoo. Utakuta watu wa kawaida, mmoja ni dereva wa daladala, mmoja mwalimu wa skuli, mmoja anauza simu Darajani. Wengine wataswali isha msikitini kisha waje, wewe ukiwahi kaa tu. Hakuna atakayekuuliza dini. Tutakuuliza habari za Mbeya, na jiandae, kwa sababu kuna mmoja wetu hajawahi kuvuka maji na anataka kujua kila kitu. Mzee wa Kahawa ametuambia tutafute mtu wa kubishana naye, labda utakuwa wewe kwenye mpira.

Kwa wengine wanaouliza kwenye faragha namna ya kuanza, nitasema niliyoyaona. Anzeni wachache. Sinia moja linakaliwa vizuri na watu wanne mpaka sita, na masinia mawili yanatosha kwa mazungumzo yanayosikika na wote. Mkizidi sana mnaanza kuwa makundi mawili yanayopeana migongo, na hapo bora mtaa mwengine nao uwe na kikao chake. Mikono inawe kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika, si bakuli moja la wote, na mwenye mafua apakuliwe sahani yake bila ya kuonewa vibaya. Simu hatukuzikataza, lakini mkono wa kulia ukiwa na wali huwezi kuandika, kwa hiyo zinajinyamazia wenyewe.

Mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni tunakwenda kuvunja jungu pwani, yaani kula pamoja kabla ya kuingia Ramadhani, familia zote, na hapo ndipo tunapotumia vijisenti tunavyoweka pembeni. Hiyo ndiyo shughuli yetu pekee. Nusu ya wanaokuja ni watu waliofika mara ya kwanza kama wageni wa mtu.

Na jambo la mwisho, ambalo hakuna aliyeliuliza. Mtu akikosa Jumanne mbili tatu mfululizo, hatumwandikii kwenye kundi la simu. Hapo anaweza kujibu nipo salama huku amelala kitandani. Wawili wetu wanakwenda kwake. Wanapita na chakula cha siku hiyo, wanagonga hodi, wanakaa kidogo. Mara nyingine ni kazi tu imemzidi, mnacheka mnaondoka. Mara nyingine mnakuta jambo, na mnalikuta mapema.

#14 Fundi wa Tomondo

Nimeuona ujumbe, asante sana wakuu. Jumanne nitakuwepo, nakuja na tikiti.